Kompyuta ya Mezani na Kishikwambi: Jalada Likae Wapi?



Katika ofisi nyingi za umma na katika vyumba vya walimu kumetokea jambo ambalo miaka kumi na mitano iliyopita halikuwapo. Juu ya meza moja ipo kompyuta ya mezani, yenye kioo chake, kibodi yake na sanduku lake linalovuma chini ya meza. Na kando yake, pengine juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi, kipo kishikwambi. Vyote viwili ni vya kazi ya mtumishi mmoja. Vyote vinaandika, vyote vinasomeka, vyote vinapeleka barua. Swali linalozuka ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: ikiwa kila chombo kinaweza kufanya karibu kila kazi, kipi basi kifanye ipi?

Wengi hawajajiuliza. Yupo mtumishi ambaye amekigeuza kishikwambi kuwa kitu cha kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni. Yupo mwingine ambaye ameivika kompyuta ya mezani kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, na ripoti ya kurasa arobaini anaiandika kwa kidole kimoja juu ya kioo cha kishikwambi, herufi baada ya herufi, mithili ya kuku anayedonoa mtama. Na yupo wa tatu, ambaye ni wa hatari kuliko hao wawili kwa sababu machoni pa wenzake anaonekana hodari. Huyu huandika nusu huku na nusu kule, leo hapa kesho pale, na ifikapo mwisho wa muhula hajui tena ni chombo kipi chenye ukweli.

Mazungumzo haya yanamhusu hasa huyo wa tatu.

Inafaa kwanza kukumbuka jinsi vishikwambi vilivyofika mikononi mwa walimu wengi wa Tanzania. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo siku yake ilikuwa tarehe 23 Agosti, ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Makarani walipita kaya kwa kaya, dodoso likiwa ndani ya chombo, na majibu yakapelekwa kwenye mitambo mikuu ya takwimu. Hata miezi mitatu haikutimia, tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, matokeo yakatangazwa: watu 61,741,120. Kazi ilipokwisha, vyombo vile havikutiwa ghalani vikaliwa na vumbi. Vikagawiwa walimu wa shule za umma.

Katika kazi ile ya sensa lilikuwamo somo ambalo, kwa bahati mbaya, halikusafiri pamoja na vishikwambi hadi shuleni. Karani hakuwa na hesabu yake binafsi ya watu wa mtaa wake. Chombo chake kilikuwa mkono wa kukusanyia tu. Ghala lilikuwa mahali pengine, nalo lilikuwa moja. Kila mtu alijua habari zinatoka wapi na zinakwenda wapi, na alijua hivyo kabla ya kubisha hodi katika nyumba ya kwanza.

Nchi imewahi pia kuonja kinyume chake. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilipohamishiwa kwenye mashine katika miaka iliyofuata, zilivurugika badala ya kunyooka, gharama ikawa kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku ambayo ililegezwa baadaye. Wapo wanaoicheka hatua ile leo kama woga wa watu wa kale. Si haki kuicheka. Mashine ilikuwa imetangulia na utaratibu wa kazi ukachelewa nyuma, na fedha zilizopotea hazikuwa za mtu binafsi. Mkuu wa shule anayepokea vishikwambi ishirini Jumatatu na kuvigawa Jumanne bila neno la utaratibu yumo katika njia ileile, ijapokuwa hasara yake ni ndogo na haitaandikwa popote.

Wazo lenyewe la kuviweka vyombo hivi viwili pamoja lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1972, katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, California, mtaalamu Alan Kay aliandika juu ya mashine aliyoiita Dynabook: kompyuta bapa, nyepesi, yenye ukubwa wa daftari, ambayo mtoto angeweza kuibeba na kujifunzia popote. Ufundi wa siku zile haukuweza kuitengeneza. Badala yake, mwaka 1973, maabara hiyohiyo ikatengeneza Alto, mashine yenye kibodi, kipanya na kioo kilichosimama wima kama ukurasa wa karatasi. Na Kay mwenyewe aliihesabu kuwa Dynabook ya muda. Kwa hiyo kompyuta ya mezani ya namna ijulikanayo sasa ilikaimu nafasi ya kishikwambi ambacho kilikuwa bado hakijawezekana. Kilipowezekana na kuenea kwa watu wengi, mwaka 2010 kampuni ya Apple ilipouza iPad, yule kaimu alikuwa amekwisha kuota mizizi mezani, na hakuna aliyeweza kumwondoa.

Wala hakukuwa na sababu ya kumwondoa. Mwaka 1991 mtaalamu mwingine wa maabara hiyohiyo, Mark Weiser, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba kubana kazi zote katika kioo kimoja ni kumnyima mtu meza yake. Alipendekeza vyombo bapa ambavyo vingetandazwa mezani kama karatasi zinavyotandazwa: hiki cha kusomea, kile cha kuandikia, kingine kimesogezwa pembeni kikingoja zamu yake. Katika fikra yake vyombo hivyo havikuwa mali ya mtu yeyote. Vilikuwa kama karatasi za rasimu, mtu huchukua kimoja, hukitumia, hukirudisha. Hilo la mwisho halikutimia. Kishikwambi cha leo kina mwenyewe, kina nywila yake, na mara nyingi kina picha za harusi ya shemeji. Lakini hilo la kwanza limetimia.

Mtu aliyepata kufanya kazi na mpiga chapa wa zamani hatashangaa. Kando ya taipureta kulikuwa na kibao cha kusimamishia karatasi. Rasimu ya bosi ilisimama pale, macho ya mpiga chapa yakawa kwenye rasimu, vidole vikawa kwenye mashine, na shingo haikuinama kutwa nzima. Kompyuta ilipoingia kibao kile kikatupwa, na rasimu ikaingia katika kioo kilekile cha kuandikia. Tangu hapo mtumishi akawa anafunua waraka, anaufunga, anaandika mstari, anaufunua tena, anasahau namba ya kifungu njiani, anarudi. Kishikwambi kilichosimamishwa kando ya kioo cha kompyuta kinakirudisha kibao kile mahali pake. Waraka uko pale, umefunguka katika ukurasa unaotakiwa. Barua ya kuujibu inaandikwa hapa. Kazi ya dakika arobaini haitakuwa ya dakika tano, lakini makosa ya kunakili vifungu na namba yatapungua, na makosa ya namna hiyo ndiyo yanayorudisha barua.

Mwalimu naye ana mfano wake. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, walimu wengi walijikuta na mihtasari mipya, na Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo vitabu katika maktaba yake ya mtandaoni. Muhtasari na kitabu vikipakuliwa katika kishikwambi, na azimio la kazi na andalio la somo vikiandikwa katika kompyuta ya mezani, mwalimu anakaa kati ya vyombo viwili kama fundi cherehani aliye na kielelezo mkono wa kushoto na kitambaa mkono wa kulia. Akimaliza, kishikwambi hubebwa darasani. Kina mchoro wa moyo au ramani ya mvua ambayo wanafunzi watazunguka kuutazama. Kompyuta ya mezani haiwezi kwenda darasani, na haipaswi kutakiwa iende.

Kwa ujumla, yaliyo marefu na mazito hukaa mezani: ripoti, majedwali ya alama, bajeti, orodha za malipo, chochote chenye safu nyingi za namba na chochote kitakachochapwa. Kibodi kamili na kioo kikubwa havina mbadala katika kazi hizo, na anayebisha ajaribu kurekebisha jedwali la safu thelathini kwa ncha ya kidole. Kishikwambi ni chombo cha kwenda na kuona. Mtendaji wa kata anapiga picha daraja lililobomoka. Ofisa ugani anaonyesha picha ya mdudu kwa mkulima aliye shambani mwake. Mwalimu anapita kati ya madawati akiandika nani amesoma kwa ufasaha na nani bado. Kamera yake hufanya kazi ya mashine ya kunakili: barua inapigwa picha kwenye mwanga mzuri, inakatwa kingo, inahifadhiwa kama hati. Mwenye kalamu ya kioo anaweza kusahihisha mchoro kwa mkono.

Kuna matumizi mengine yasiyosemwa sana. Ripoti iliyoandikwa katika kompyuta isomwe katika kishikwambi, na isomwe katika kiti kingine. Macho yaliyoyazoea maneno katika kioo kimoja huyapita makosa kama mtu apitavyo jirani yake bila kumsalimu. Maneno yaleyale yakihamia kwenye ukurasa wa ukubwa mwingine, sentensi iliyokosa kitenzi hujitokeza yenyewe.

Sasa ndipo linapokuja jambo zito.

Mtu achukue mfano wa mwalimu wa hisabati wa kidato cha pili mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi arobaini na watano, jumla 135. Jumanne anaweka jedwali la alama katika kompyuta ya chumba cha walimu na analinakili katika kishikwambi. Alhamisi, akiwa darasani, anaingiza katika kishikwambi alama za jaribio la pili. Ijumaa asubuhi mwanafunzi analalamika juu ya jaribio la kwanza. Lalamiko ni la haki. Mwalimu, kwa kuwa yuko karibu na kompyuta, anairekebisha alama hiyo katika kompyuta. Hadi hapo hakuna kosa linaloonekana. Lakini tayari yapo majedwali mawili, kila moja lina ukweli ambao jingine halina. Ijumaa jioni mwalimu anakumbuka kwamba "la mezani ndilo kubwa", analinakili juu ya lile la kishikwambi, mashine inauliza kama faili la zamani libadilishwe, anajibu ndiyo. Alama 135 za jaribio la pili zimefutika. Akifanya kinyume chake, zinabaki, ila yule mwanafunzi aliyepewa haki yake asubuhi anapokonywa jioni, na hakuna mtu duniani anayejua.

Haya si mambo ya kompyuta. Ni mambo ya mtoto ambaye alipata 71 na katika karatasi ya mzazi wake pameandikwa kwamba hakufanya jaribio. Alama za upimaji endelevu huhesabiwa katika matokeo yake. Yeye hana kishikwambi cha kuthibitishia wala hajui pa kuuliza. Vivyo hivyo mstaafu ambaye tarehe yake ya kuajiriwa ilirekebishwa katika chombo kimoja na barua yake ikachapwa kutoka katika kingine. Atapanda basi mara tatu kufuata marekebisho yaliyokwisha kufanywa.

Dawa yake inajulikana tangu kabla ya kompyuta, nayo iko masjala. Huko kila jalada lina namba yake, na kila hati ndani yake ina namba ya folio. Hakuna karani wa masjala mwenye akili timamu ambaye angefungua majalada mawili ya namba moja na kuruhusu barua ziingie popote patakapokuwa karibu. Jalada likitoka, huandikwa limekwenda kwa nani. Na likikosekana wakati barua mpya imefika, hufunguliwa jalada la muda, na jalada lenyewe likirudi, yaliyomo katika la muda huhamishiwa humo na la muda hufungwa. Utaratibu huo ndio unaotakiwa kati ya kompyuta ya mezani na kishikwambi. Kompyuta ya mezani iwe na jalada. Kishikwambi kiwe na jalada la muda. Kila kilichokusanywa nje kihamishiwe katika jalada siku ileile, na kisha nakala ya muda ifungwe, yaani ifutwe au iwekwe mahali ambapo haitaandikwa tena.

Je, ni lazima jalada liwe mezani? Si lazima kwa sheria ya maumbile. Ofisi inaweza kuamua kwamba jalada liko katika mfumo wa serikali unaofikiwa kwa mtandao, na vyombo vyote viwili ni milango tu ya kuingilia humo. Huo ni uamuzi mzuri zaidi pale ambapo mtandao haukatiki. Ambapo unakatika, na sehemu nyingi unakatika, mezani ni salama zaidi, kwa sababu kompyuta ya mezani haisahauliwi ndani ya bajaji. Lisilokubalika ni kutoamua.

Watasema wengine kwamba ziko programu zinazolinganisha mafaili ya vyombo viwili zenyewe, mtumishi asiwe na kazi ya kukumbuka. Ziko, na nyingine ni nzuri sana. Lakini vyombo viwili vikiandikiwa vyote wakati havina mtandao, kisha vikaunganishwa, programu haiwezi kujua mwalimu alikusudia nini. Nyingine huzaa nakala ya pili yenye jina refu la ajabu na kumwachia mtu aamue, nyingine huchukua lililoandikwa mwisho na kulitupa lililotangulia. Na "mwisho" kwa mashine ni tarehe iliyo katika saa yake. Kishikwambi kilichozimika kwa wiki tatu kabatini na kuwashwa bila mtandao kinaweza kuwa na tarehe isiyo ya kweli, na hapo faili la leo likaonekana la zamani. Kuitazama tarehe ya chombo kabla ya kuandika ni kazi ya sekunde mbili.

Majina ya mafaili nayo yana neno lake. Katika kompyuta za umma yamejaa mafaili yanayoitwa "alama mwisho", "alama mwisho kabisa", na "alama mwisho wa mwisho", na yule aliyeyapa majina amehamishiwa wilaya nyingine. Faili lipewe tarehe kwa kuanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, kwa mfano 2025-03-14. Kwa mpangilio huo mashine huyapanga yenyewe kwa zamu, na la karibuni hukaa mahali pake bila mtu kukisia.

Namna ya kuviunganisha vyombo hivi haihitaji maneno mengi. Waya wa USB unatosha: unachomekwa, katika kishikwambi inachaguliwa huduma ya kuhamisha mafaili, na kompyuta hukiona kama inavyoona kinyonyi chochote cha kuhifadhia. Waya hauli bando na haupiti kwa mtu wa tatu. Ziko pia programu za kupitisha mafaili kwa mtandao wa ndani ya ofisi usio na haja ya intaneti. Flashi inayozunguka kati ya kompyuta za ofisi na duka la kutoa nakala ndiyo njia mbaya kuliko zote, maana hurudi na virusi kama mbwa arudivyo na kupe.

Yanasifiwa sana pia matumizi ya kishikwambi kama kioo cha pili cha kompyuta. Apple ilitoa huduma hiyo kwa mashine zake mwaka 2019, na mwaka 2022 ikaongeza nyingine inayoruhusu kibodi moja na kipanya kimoja kuvuka kutoka kompyuta hadi iPad. Kwa mashine za aina nyingine zipo programu za kazi ya namna hiyo. Mwenye kishikwambi kikubwa na kompyuta mpya atafaidika. Kwa vishikwambi vidogo vilivyo katika shule nyingi, faida ni haba: maandishi huwa madogo, mwendo huchelewa, na chombo ambacho kingeweza kusoma kitabu chenyewe kinageuzwa kuwa dirisha la chombo kingine. Ni afadhali kila kimoja kifanye kazi yake.

Jinsi vinavyokaa mezani si jambo la urembo. Kioo cha kompyuta kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu uwe sawasawa na macho au chini yake kidogo. Kishikwambi kisimamishwe kando yake, karibu na umbali uleule, ili macho yasilazimike kubadilisha kipimo kila yanapohama. Kikilazwa bapa mezani, shingo huinama na kuinuka mara mamia kwa siku, na ifikapo jioni mtumishi anatafuta dawa ya kuchua wakati angetafuta matofali mawili ya kukiegemeza. Dirisha liwe ubavuni. Mwanga ukiwa nyuma ya mtu, kioo hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia.

Halafu kuna umeme. Katika mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 ilionekana wazi udhaifu wa kila chombo. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo pamoja na yote ambayo hayajahifadhiwa. Kishikwambi huendelea kwa saa kadhaa kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiyo maana vishabihi hivi viwili vinafaa kukaa pamoja: kazi ya kusoma, kusahihisha na kukusanya isisimame kwa sababu ya giza. Lakini hapohapo jaribu linaingia. Mtumishi anaendelea kuandika ripoti katika kishikwambi, umeme unarudi, anaendelea mezani na nakala ya asubuhi, na yale majalada mawili yamezaliwa tena. Ikibidi kuandika gizani, yaandikwe maandishi mapya tu, katika faili la siku hiyo, yatakayounganishwa baadaye. Lile la zamani lisiguswe. Na betri ya akiba, hata ile ndogo ya dakika kumi, ni ya bei ndogo ukilinganisha na bajeti iliyoandikwa mara mbili.

Kompyuta iliyobeba jalada inapaswa pia kuwa nzima. Msaada wa Windows 10 kwa umma ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inayoendelea nayo bila mpango maalumu wa nyongeza haizimiki, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Inawaka kila asubuhi kama kawaida, ila nyufa zake za kiusalama hazizibwi tena. Ofisi ambayo haiwezi kupata mashine mpya imwulize ofisa wake wa TEHAMA kabla ya kuiacha iunganishwe na mtandao huku imebeba mishahara ya watu. Nakala ya tatu iwekwe katika diski ya nje, na diski hiyo ifungiwe chumba kingine. Mwizi na moto havibagui. Huchukua kompyuta na diski iliyo juu yake kwa pamoja.

Yabaki maneno juu ya siri. Kishikwambi hutembea. Hulala nyumbani, hupanda daladala, huchezewa na watoto, huazimwa na ndugu aliyekuja kutoka kijijini ili aongee na mwanawe aliye mbali. Ndani yake zimo alama, majina, pengine ugonjwa wa mwanafunzi ulioandikwa ili asaidiwe, pengine namba za simu za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka aliyezishika taarifa za watu azilinde na azitumie kwa kusudi lililozikusanya. Orodha ya alama za darasa zima ikitupwa katika kundi la simu la wazazi ili kila mzazi ajitafutie ya mtoto wake, kusudi limevukwa, hata kama mwalimu alitaka kuokoa muda tu. Chombo kiwe na nywila ambayo si mwaka wa kuzaliwa. Huduma ya kukitafuta na kukifuta kwa mbali iwashwe siku kinapopokewa, kwa sababu haiwezi kuwashwa siku kinapoibwa. Na mtumishi anayefuata utaratibu wa jalada la muda atagundua faida nyingine: kishikwambi chake kikipotea, kilichopotea ni kazi ya siku moja.

Mtihani ni jambo la peke yake. Maswali yanayotungwa yasikae katika kishikwambi kabisa, hata kwa usiku mmoja, hata kwa kusahihishwa kitandani. Yaandikwe katika kompyuta ya mezani iliyo katika chumba chenye kufuli, ikiwezekana isiyounganishwa na mtandao, na yachapwe hapohapo.

Utaratibu wote huu hujulikana kama upo au haupo siku mtumishi anapohamishwa. Mkabidhi na mkabidhiwa hukaa mezani, na orodha huandikwa: kompyuta moja, kibodi, kipanya, kishikwambi kimoja na chaja yake, kava lililochanika. Hapo wengi huweka sahihi na kwenda kunywa chai. Waongeze mistari mingine mitatu kabla ya sahihi: jalada la kila kazi liko katika chombo kipi na katika folda ipi, ni nini kilichomo katika kishikwambi ambacho bado hakijahamishiwa mezani, na nakala ya tatu iko kabati lipi na ufunguo anao nani. Kisha mkabidhi afungue vyombo vyote viwili mbele ya mwenzake, mkabidhiwa achague mwanafunzi mmoja au mtumishi mmoja katika orodha, na jina hilo litafutwe huku na kule hadi ionekane kwamba namba iliyo mezani ndiyo ya mwisho.